Kontena, jengo la paneli au yuniti za kiwandani: ulinganisho kabla hujatoa advansi

Ulinganisho huu ni wa mtu aliyekwisha kuamua kwamba safari hii hajengi kwa tofali. Ana kiwanja, ana shughuli inayosubiri (zahanati ndogo, fremu za duka, madarasa ya ziada, ofisi ya saiti, kambi ya mafundi), na wauzaji watatu wamempa karatasi tatu za bei zisizofanana hata mpangilio. Nimeandika nikiwa na Tanzania kichwani, hasa ukanda wa pwani. Msomaji wa Kenya atabadilisha majina ya ofisi na kiwango cha kodi, mengine yatabaki yaleyale.

Ninalotaka kulisema tangu mwanzo ni hili: jengo la moduli, yaani lile linaloletwa kiwanjani likiwa limetengenezwa kwingine, huchaguliwa na kiwanja chako kabla hujalichagua wewe. Barabara ya kufikia, udongo, jua linapopita na nguzo ya umeme iko wapi, hayo ndiyo yatakayoamua kama bei uliyopewa ni nafuu au ni mwanzo tu wa gharama. Kwa hiyo kapime kiwanja kwanza, ndipo uite wauzaji.

Machaguo yenyewe ni matatu. La kwanza ni kontena la mizigo lililokwisha kusafiri baharini, likakatwa milango na madirisha kwenye yadi na kuwekewa kuta za ndani. La pili ni jengo la paneli, zile bati mbili zilizobana kiini katikati, zinazofungwa saitini kwenye fremu ya chuma juu ya jamvi la zege. La tatu ni yuniti za kiwandani: boksi la chuma lenye sakafu, kuta, paa na waya za umeme, mara nyingi urefu wa mita 6 na upana wa mita 2.4 au 3. Huja limesimama tayari au limefungwa vipande, na nne zikifungwa pamoja huchukua nafasi ya kontena moja la futi 20.

Zipo pia paneli za EPS (ile povu nyeupe ya vifungashio) zenye wavu wa waya zinazopigwa saruji pande zote mbili, kama zinazotengenezwa na Shirika la Nyumba la Taifa la Kenya kule Mavoko. Hizo nimeziacha makusudi. Zikishapigwa saruji unakuwa na nyumba ya kudumu, na maamuzi yake ni ya nyumba ya kudumu.

Vigezo nilivyovitumia ni joto, nafasi inayotumika kweli, msingi na njia ya lori, moto na umeme, kutu na mvua, karatasi za serikali, bei mpaka unakabidhiwa ufunguo, na uwezo wa kuhama. Nimevipanga kwa uzito ninaovipa mimi. Wewe unaweza kuvipanga tofauti, lakini usiruke hata kimoja.

Joto

Naliweka mbele kwa sababu ndilo linalofanya majengo haya yatelekezwe. Ukuta wa kontena ni chuma cha unene wa karibu milimita 2. Jua la Januari likianza kulipiga saa tatu asubuhi, ikifika saa nane mchana ndani hakukaliki, na kiyoyozi utakachofunga kitakuwa kinapoza chuma badala ya kupoza watu. Dawa yake inajulikana: bodi za povu au sufi ya mawe (nyuzi zinazotengenezwa kwa mawe), angalau milimita 50, kwenye kuta na darini, zifunikwe kwa jipsamu au plaiwudi, halafu paa la pili la bati liinuliwe sentimita 30 hadi 50 juu ya kontena ili upepo upite katikati. Paa hilo la pili linafanya kazi hata umeme ukikatika, na mimi nisingenunua kontena la kukaa watu bila hilo. Ukionyeshwa kontena ambalo tayari lina jipsamu ndani, omba sehemu moja ifunguliwe uone kilicho nyuma yake. Kuna yanayouzwa yakiwa matupu nyuma ya jipsamu, chuma kinaangaliana na bodi.

Jengo la paneli linaanza likiwa mbele hapa, kwa sababu kizuizi cha joto ndio ukuta wenyewe. Uliza unene na uulize kiini. Kwa unene uleule, poliyurethani, aina nyingine ya povu gumu, huzuia joto zaidi kuliko EPS. Milimita 50 za poliyurethani hukaribia kazi ya milimita 75 za EPS. Pwani, ukuta wa milimita 50 unaweza kutosha, ila paa nisingekubali chini ya 75. Faida nyingine ya paneli ni kwamba paa linajengwa na mteremko na upenu mpana, na upenu ndio unaozuia jua lisiingie dirishani.

Yuniti za kiwandani ziko katikati. Kuta zake ni za paneli, lakini paa ni bapa na upenu hakuna. Nyingi zimesanifiwa kwa nchi ambako shida ni baridi. Ziwekee paa la pili kama kontena.

Chochote utakachochagua, upande mrefu utazame kaskazini na kusini, pande fupi zibebe jua la asubuhi na la jioni, na madirisha yatazamane ili kusi na kaskazi zipite ndani. Hili halina gharama yoyote likiamuliwa kabla ya msingi. Baada ya msingi halirekebishiki. Kwa msomaji wa Njombe au Mbeya shida inageuka: usiku wa baridi chuma kitupu hutoa jasho ndani, maji yanachuruzika ukutani na nguo zinaota ukungu. Huko kizuizi cha joto na matundu ya hewa vinahitajika vilevile.

Nafasi inayotumika

Kontena la futi 20 lina urefu wa ndani wa mita 5.9 na upana wa mita 2.35. La futi 40 lina upana huohuo na urefu wa mita 12. Toa kizuizi cha joto na jipsamu pande mbili, upana unabaki kama mita 2.2. Hiyo inatosha ofisi, duka, stoo, chumba cha mlinzi au chumba cha kulala. Darasa haitoshi: dawati la watoto watatu likikaa, kinachobaki ni njia ya kupita tu. Unaweza kuunganisha makontena mawili na kukata ukuta wa katikati, lakini ukuta ule wa migongo ndio unaoshikilia paa lisipinde. Ukiuondoa lazima bimu na nguzo za chuma zirudishe nguvu, na hesabu hiyo ni ya mhandisi, haimaliziki kwa jicho la fundi wa kuchomelea.

Angalia na kimo. Kontena la kawaida lina karibu mita 2.39 ndani, na ukishafunga dari feni ya juu inakuwa hatari kwa mtu mrefu. Yapo yaliyozidi kimo, mita 2.70 ndani. Kama watu watashinda humo, chukua hayo.

Paneli hazina kipimo cha lazima. Ukitaka ukumbi wa mita 7 kwa 9 usio na nguzo katikati, kenchi za chuma zinabeba. Yuniti nazo zinapangwa ubavu kwa ubavu bila kuta za ndani: tatu za mita 3 kwa 6 zinakupa mita za mraba 54, darasa halisi, ila nguzo za kona zitaonekana pale zinapokutana.

Msingi na njia ya lori

Hapa ndipo bajeti nyingi zinapopasukia. Kontena husimama kwenye kona zake nne, kwa hiyo nguzo fupi za zege zinatosha, na la futi 40 huongezewa egemeo katikati. Inua angalau sentimita 30 kutoka ardhini ili upepo upite chini na mchwa wasipate njia ya siri. Yuniti ya mita 6 kwa kawaida hutaka maegemeo sita, na yote lazima yawe na kimo kimoja, la sivyo milango inagoma kufunga. Jengo la paneli linahitaji jamvi zima la zege lililonyooka, maana ukuta unafungwa moja kwa moja juu yake. Jamvi hilo mara nyingi halimo kwenye bei ya muuzaji. Soma karatasi yake tena: maneno “msingi kwa mteja” huandikwa chini kabisa.

Upande wa njia mambo yanageuka. Paneli zinafika kwa lori lolote, hata kwa safari kadhaa za kirikuu kama mtaa ni mwembamba, na zinabebwa kwa mikono. Kontena tupu la futi 20 lina uzito wa karibu tani 2.3, la futi 40 karibu tani 3.8, na ukishaweka sakafu, kuta na choo uzito unapanda. Linahitaji kreni au lori lenye mkono wa kunyanyulia, na kreni nayo inahitaji pa kusimama na kutanua miguu. Kumbuka kwamba kreni ya tani 10 hainyanyui tani 10 ikiwa imenyoosha mkono mbali. Kadiri kiwanja kilivyo mbali na barabara, ndivyo utakavyolipia kreni kubwa zaidi. Tembea njia yote kwa miguu ukiwa na futi mkononi: upana wa geti, kona, kalvati, matawi, na hasa nyaya za umeme zilizolegea. Kama kuna waya wa kuondolewa, TANESCO wajue mapema. Yuniti ya upana wa mita 3 ikisafirishwa imesimama inazidi upana wa kawaida wa lori, hivyo barabara kuu itataka kibali cha TANROADS. Ikisafirishwa imefungwa vipande, tatizo hilo halipo.

Na msimu. Kreni kwenye udongo wa mfinyanzi wakati wa masika ni kreni iliyokwama. Panga msingi ukamilike kabla ya Machi au subiri Juni.

Moto na umeme

Nalisema hili kwa uzito wote: EPS huyeyuka na kuwaka kwa moshi mzito mweusi, na moshi ndio unaoua. Poliyurethani nayo huwaka. Sufi ya mawe haiwaki. Kwa mahali watoto watakaa, wagonjwa watalala au jiko litawashwa, ningelipa zaidi kupata sufi ya mawe, na ningehakikisha kuna milango miwili inayofunguka kwenda nje. Omba kipande cha sampuli, ukichome uwanjani, utaona mwenyewe kilichomo. Kontena halina kiini cha kuungua kwenye ukuta wake wa asili, lakini ukilijaza povu ndani umelipa tabia ileile, na kwa kawaida lina mlango mmoja tu.

Majengo yote matatu ni chuma, na chuma chenye waya uliochubuka humrusha anayeshika ukuta. Waya wa arthi na kikata umeme cha usalama ni vya lazima. Yuniti zinazoagizwa nje mara nyingi huja na soketi za huko zilikotengenezwa. Andika kwenye oda kwamba unataka soketi za pini tatu bapa tunazotumia, na waya wa soketi usiwe chini ya milimita za mraba 2.5, wa kiyoyozi uwe mnene zaidi.

Kutu, mvua na upepo

Chuma cha kontena kimetengenezwa kustahimili hali ya hewa, na maisha yake ya baharini kwa kawaida ni miaka 10 hadi 15 kabla halijauzwa. Kinachokula ni pale lilipokatwa: kila ukingo wa dirisha ulioguswa na grenda unahitaji rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya mapambo. Ukienda yadini, ingia ndani, fungisha milango, ukae gizani kidogo uangalie juu. Tundu lolote litakuonyesha mwanga. Nusa pia, maana sakafu yake ya plaiwudi hutiwa dawa ya wadudu kiwandani, na huwezi kujua mzigo wa mwisho ulikuwa nini. Ifunike kwa epoksi au iondoe kabisa kama watoto watakaa chini.

Kwenye paneli na yuniti, bati ni jembamba, chini ya milimita moja, hivyo kila kitu kinategemea uzito wa zinki au aluzinki (mchanganyiko wa aluminiamu na zinki) iliyopakwa; uliza gramu kwa mita ya mraba, uone kama muuzaji anazijua. Paa bapa la yuniti hupitisha maji kwenye mifereji ya ndani ya nguzo, na majani ya mwembe yakiziba, maji yanaingia. Jengo la paneli ni jepesi, kwa hiyo nati zake za kushika jamvi si mapambo. Kimbunga Hidaya kilichofika pwani ya Tanzania Mei 2024 kinatosha kutukumbusha kwamba upepo wa namna hiyo unatuhusu.

Karatasi

Wapo wanaoamini kwamba kisicho na msingi wa kuchimba hakihitaji kibali. Usiijaribu imani hiyo kwa fedha zako. Peleka mchoro halmashauri kabla ya kulipa, uulize mipango miji na mhandisi, na kama ni shule, zahanati au jengo la umma, michoro ipite pia kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Kontena lina jambo lake peke yake. Huingia nchini kama chombo cha kubebea mzigo, kwa muda. Likibaki linapaswa kulipiwa forodha. Dai karatasi ya kutolewa forodhani yenye namba ileile iliyoandikwa mlangoni. Kwa yuniti za kuagiza, mambo yamekuwa wazi zaidi tangu orodha ya forodha ya dunia ya 2022 ilipozipa yuniti za chuma namba yake, 9406.20. Mwulize wakala wako anatumia namba gani, na kama mzigo unahitaji ukaguzi wa ubora wa TBS kabla haujapakiwa. Paneli zilizotengenezwa nchini hazina safari hii ya bandarini.

Kama kiwanja ni cha kupanga, mkataba uandike wazi kwamba jengo ni lako na una haki ya kuliondoa. Sheria ya ardhi hupenda kukihesabu kilichofungwa ardhini kuwa cha mwenye ardhi, na jengo la paneli lililofungwa kwenye jamvi ndilo lenye hatari kubwa zaidi hapo.

Bei mpaka ufunguo

Sitaji bei, kwa sababu chuma na nauli za meli hubadilika kila msimu. Ila wape wauzaji wote karatasi moja ya mahitaji, uwaombe waijaze: jengo, usafiri, kreni, msingi, kufunga, umeme, maji, karo la maji taka, paa la pili, na kodi. VAT ya Tanzania Bara kwa kiwango cha kawaida ni 18%, ya Kenya ni 16%, na bei iliyonukuliwa bila VAT hupendeza kuliko ilivyo. Ukiagiza nje, bei ya FOB inaishia melini kule, ya CIF inafika bandarini Dar es Salaam na kuishia hapo. Ushuru, gharama za bandari na lori mpaka saiti ni juu yako, na kontena likichelewa kutolewa kila siku ina bili yake.

Kwa kawaida kontena huwa rahisi kulinunua na ghali kulifanya likalike. Paneli hukupa nafasi kubwa kwa fedha ileile lakini zinadai jamvi. Yuniti zina bei ya juu mwanzoni na mshangao mdogo baadaye, kwa kuwa kazi nyingi imefanyika kiwandani. Kwa yote matatu, gawa malipo kwa hatua na zuia sehemu ya mwisho mpaka jengo limwagiwe maji kwa mpira paani nusu saa bila kuvuja.

Kuhama na kuuza

Kontena linanyanyuliwa likiwa na vitu vyake na kuondoka, na halikosi mnunuzi hata likichakaa. Yuniti zinafunguliwa na kufungwa tena mahali pengine, alimradi utunze nati zake na mchoro. Paneli zinabomoleka pia, lakini kila kubomoa kunaharibu kingo kadhaa, na jamvi linabaki kwa mwenye kiwanja.

Hali yako, chaguo lako

Unataka duka moja au stoo yenye ulinzi mtaani, na huna uhakika utakaa hapo miaka mingapi: kontena, alimradi kreni inafika. Mwizi atahangaika nalo kuliko paneli, ambayo hukatika kwa msumeno wa mkono.

Shule inayohitaji madarasa na ina ardhi yake: paneli zenye sufi ya mawe na paa la mteremko, au yuniti tatu tatu kama muda ni mfupi na lori kubwa linafika. Hapa mteue mhandisi aliyesajiliwa mapema, kwa sababu halmashauri na Zimamoto watamwuliza yeye.

Zahanati au maabara: yuniti zina faida ya sakafu na mabomba yaliyofungwa kiwandani, kuta zinazopangusika, na vyumba vya kuongeza baadaye. Kama bajeti inabana, paneli zinafanya kazi hiyohiyo ukisimamia mafundi wa maji na umeme kwa karibu.

Mkandarasi anayehama saiti hadi saiti: makontena ya ofisi na stoo, yuniti za kulala mafundi.

Kiwanja kiko ndani, njia ni ya pikipiki na mkokoteni: paneli tu. Mengine yatakugharimu kreni kuliko jengo.

Unaishi mita chache kutoka baharini, Mtwara, Tanga au Unguja: lolote kati ya hayo, ila tenga fedha ya rangi na ukaguzi wa kila mwaka, na usikubali bati ambalo muuzaji hajui limepakwa nini.

Na kama shughuli yako ni ya chini ya mwaka mmoja, uliza bei ya kukodi kontena la ofisi kwanza. Yadi nyingi hukodisha, usafiri wa kwenda na kurudi ukiwa juu yako, na hesabu hiyo ifanye kabla hujaomba bei yoyote ya kununua.